Konyeza wakijaa ziwani: jinsi ya kupima wanachowafanya dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika

Wavu wa dagaa ukipanda na konyeza, wale wanyama laini wa majini wanaopitisha mwanga, wengi kuliko dagaa, mwaloni hukumu hutolewa papo hapo: konyeza wamefukuza samaki. Inaweza kuwa kweli. Inaweza pia kuwa konyeza wamekula chakula cha dagaa, na dagaa wakahama kwa njaa, si kwa woga. Na mara nyingi, kwa maoni yangu, hakuna aliyemfukuza mwenzake: maji yenyewe yamebadilika, yakaleta konyeza na kuondoa dagaa kwa mkupuo mmoja. Sababu zote tatu hukuachia wavu ule ule mtupu, ila la kufanya baada ya hapo si moja. Anayekimbia konyeza atasogea kilomita chache tu. Mwenye njaa hatarudi mpaka chakula kirudi. Na maji yakishageuka, hata usogee wapi usiku huo, utakutana na maji yale yale.

Mwongozo huu ni wa kutenganisha sababu hizo kwa vifaa vya kawaida. Nimewafikiria zaidi viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo), wanafunzi wa uvuvi na walimu wa sayansi waliopo kando ya ziwa, iwe Kigoma, Kalemie, Uvira, Rumonge au Mpulungu. Kazi hii inahitaji watu wawili, chombo kimoja na uvumilivu wa miezi kadhaa.

Mjue unayemhesabu

Konyeza wa Tanganyika ni Limnocnida tanganjicae. Mjerumani Richard Böhm aliripoti kuwaona mwaka 1883, na mwaka 1893 R. T. Günther akawaeleza kisayansi. Kuonekana kwao mbali na bahari kuliwashangaza wengi, hata J. E. S. Moore, aliyeongoza safari za utafiti ziwani mwaka 1896 na 1899, akadai kwamba ziwa hili ni mabaki ya bahari ya kale. Dai hilo halikudumu: ziwa lilitokana na kupasuka kwa ardhi katika Bonde la Ufa, na konyeza hawa wamo pia Ziwa Victoria.

Chukua mmoja kwa kikombe cheupe, usimshike kwa vidole maana atachanika. Utaona sahani nyembamba inayopitisha mwanga, upana wake sentimita 2 hivi akiwa amekomaa, yenye minyiri mingi myembamba pembeni. Katikati pana duara kubwa: ndilo tumbo na mdomo, na huchukua sehemu kubwa ya upana wa mwili. Angalia ukingo wa duara hilo kwa lenzi. Ukiona vijikonyeza vidogo vimeota hapo, umekuta mama anayezaa bila kupandana. Uzazi wa namna hii ni sababu mojawapo ya konyeza kujaa kwa ghafla: wakipata chakula, hawana haja ya kusubiri mwenza.

Kuna konyeza mwingine wa maji baridi, Craspedacusta sowerbii, mwenye asili ya bonde la Yangtze nchini China, ambaye sasa ameenea karibu kila bara. Aligunduliwa London mwaka 1880 katika bwawa la mayungiyungi la bustani ya Regent's Park. Huyu hana tumbo pana. Ana mistari minne inayokutana katikati kwa umbo la msalaba, na vifuko vinne vyeupe vya uzazi vinavyoning'inia kwenye mistari hiyo. Ukimkuta mwenye msalaba, mpige picha, mhifadhi mmoja kwenye spiriti na umwarifu ofisa uvuvi.

Wote wawili hula wanyama wadogo wanaoelea majini, hasa kopepoda, vijidudu vya jamii ya kamba. Na kopepoda ndicho chakula kikuu cha dagaa, yule anayeitwa ndagala Burundi na kapenta Zambia. Ugomvi, kama upo, unaanzia kwenye sahani hiyo moja. Mwiba wa konyeza hawa ni dhaifu, kwa kawaida haupenyi ngozi ya mtu, lakini kwa kifaranga wa samaki mwenye urefu wa milimita chache habari ni nyingine.

Vifaa

Unahitaji wavu wa kuvuta wima. Tengeneza pete ya chuma au bomba gumu yenye upana wa sentimita 50, ushonee mfuko wa urefu wa mita moja na nusu unaochongoka chini, mwishoni ufunge chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Kitambaa kiwe wavu wa madirishani wa kuzuia mbu. Usitumie chandarua cha kitandani. Vingi vimetiwa dawa, na dawa ile inaua kopepoda na vifaranga; tena kuonekana na chandarua ndani ya mtumbwi kutakutia matatani, kwa sababu kuvulia vyandarua ni kosa. Hata huo wa madirishani uoneshe kwa BMU kabla hujashuka nao ziwani.

Kwa kopepoda wenyewe wavu huo hautoshi, watapita kwenye matundu. Kituo cha TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania) Kigoma au kile cha utafiti wa ziwa cha Uvira wana nyavu za planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini, na kuazima ni bora kuliko kubuni. Ukikosa kabisa, tumia kitambaa laini chenye kupitisha maji, kipande kile kile kila safari. Hesabu yako haitakuwa sahihi kwa vipimo vya maabara, ila utaweza kulinganisha usiku na usiku.

Vingine: kamba yenye alama kila mita 5, jiwe la kilo mbili, sahani ya Secchi ya kupimia uangavu wa maji (duara la sentimita 20 lenye robo nyeusi na nyeupe), kipimajoto kinachosoma sehemu ya kumi ya digrii, beseni jeupe, lenzi ya mkono, mkasi mdogo, spiriti, barafu, na daftari la kuandikia kwa penseli. Wino ukilowa umepoteza usiku mzima. Na maboya ya kuvaa, kila mtu lake.

Chagua mahali na usiku

Weka vituo vitatu kwenye mstari mmoja kutoka ufukweni kwenda kilindini: kimoja kwenye maji ya mita 20 hivi, kimoja kwenye mita 60, cha tatu nje kabisa wanakovulia wenye vipe, vyombo vya kuvulia dagaa kwa taa. Sababu ni kwamba dagaa wachanga hukaa karibu na ufuko, kisha huenda nje wakikua. Ukipima kilindini peke yake, hutajua konyeza wanawafanya nini watoto.

Pima wakati wa giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi, siku zile zile za mwezi kila mara, maana mbalamwezi hubadilisha kina wanachokaa samaki kuliko konyeza yeyote. Hapa pana mtego ambao wengi hawaujui. Upepo wa kusi wa Mei hadi Septemba husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji baridi ya chini, yenye rutuba, hupanda upande wa kusini karibu na Mpulungu. Upepo ukilegea, tabaka la baridi huanza kuyumba chini kwa chini, likipanda na kushuka kwa kipindi kinachokaribia mwezi mmoja. Kipindi hicho kinakaribiana na mzunguko wa mwezi wa angani. Basi ukilinganisha giza hili na lijalo unaweza kuwa unalinganisha yumbo la maji bila kujua, ukamsingizia konyeza.

Dawa yake ni kupima joto kila safari. Funga jiwe kwenye chupa yenye kizibo, kizibo kifungwe kamba yake. Shusha hadi mita 10, vuta kizibo, subiri ijae, pandisha haraka, soma joto papo hapo. Rudia mita 30, 50 na 70, pale kina kinaporuhusu. Tofauti za ziwa hili ni ndogo: juu huwa digrii 25 hadi 28 hivi, kilindini takribani 23.5, kwa hiyo kipimajoto kinachoruka nusu digrii hakikusaidii. Andika pia kina ambacho sahani ya Secchi inapotea machoni. Hiyo pima mchana.

Hesabu konyeza

Zima taa. Kama wenzako wanavua kwa taa, kaa mbali nao angalau mita 200. Taa huvuta kopepoda, kopepoda huvuta dagaa, dagaa huvuta migebuka, na mkusanyiko huo wa kutengenezwa si picha ya ziwa lilivyo.

Shusha wavu hadi mita 20, subiri kamba inyooke, kisha uvute taratibu, karibu nusu mita kwa sekunde. Ukivuta kwa pupa, maji yatasukumwa pembeni ya mdomo wa wavu na konyeza watachanika. Mwaga kwenye beseni jeupe, washa tochi kutoka ubavuni, si juu: mwanga wa ubavuni huonesha ukingo wa sahani ambayo vinginevyo haionekani. Hesabu wakubwa peke yao na wadogo peke yao; wadogo ni wale wa chini ya sentimita moja. Kisha rudia kwa mita 40 na mita 60, pale kina kinaporuhusu.

Mdomo wa sentimita 50 una eneo la karibu mita ya mraba 0.2. Ukiuvuta mita 20 umechuja mita za ujazo 4. Ukipata konyeza 60, basi ni 15 kwa kila mita ya ujazo. Na kwa kuwa wavu unanasa njia nzima, tabaka la chini unalipata kwa kutoa: mvuto wa mita 20 ukileta 12 na wa mita 40 ukileta 60, wale 48 wametoka kati ya mita 20 na 40.

Rudia mchana. Usidhani konyeza wanafuata ratiba ya dagaa ya kushuka kukicha na kupanda jioni. Watafiti wamekuta ndani ya miili yao bakteria wadogo wanaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na mnyama mwenye wapangaji wa aina hiyo ana sababu zake za kukaa kwenye mwanga.

Tazama samaki kabla ya kuwavua

Sasa washa taa, na uandike kila nusu saa: dagaa wa kwanza wameonekana saa ngapi, wanazunguka taa wakiwa kundi moja au wametawanyika, wako juu au chini ya mwanga, wanaruka au wametulia. Angalia wanavyopita kwenye konyeza. Kundi linalowakwepa huchanika likaungana tena upande wa pili. Kundi lisilowajali hupita katikati yao. Hili linaonekana kwa macho mtumbwi ukitulia, na kwa maoni yangu lina thamani kuliko kilo za wavu.

Migebuka, au mikeke kama wasemavyo Bujumbura, ni wawindaji wa macho. Kwao swali ni jingine: hawashindanii kopepoda na konyeza, wanafuata dagaa na uduvi. Wakiwepo, dagaa hujibana na kushuka. Kwa hiyo usiku ambao migebuka wameingia, usimhesabie konyeza kosa la mgebuka. Andika "migebuka wapo" au "hawapo" kila nusu saa, basi.

Mwenye kifaa cha kutafuta samaki kwa mwangwi ana faida, ila akisome kwa akili. Mwili wa konyeza ni maji karibu asilimia 99, kwa hiyo haurudishi sauti sawasawa. Dagaa wana kifuko cha hewa na hurudisha sauti kwa nguvu. Alama nzito kwenye kioo ni samaki. Ukungu hafifu unaweza kuwa konyeza, uduvi au planktoni, na cha kuamua ni wavu wako.

Pasua matumbo

Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayoamua kesi. Chukua dagaa 20 kutoka mvuto wa kwanza, kabla taa hazijawaka muda mrefu, maana wakishakaa saa tatu kwenye mwanga watakuwa wamekula karamu uliyowaandalia wewe. Watie kwenye barafu au spiriti mara moja. Tumbo la samaki mfu huendelea kusaga, na ukisubiri asubuhi utakuta matumbo matupu na kutangaza njaa isiyokuwepo.

Mlaze dagaa kwenye kipande cha plastiki nyeupe. Ingiza ncha ya mkasi kwenye tundu la haja, kata kuelekea kooni kwa juu juu, usitoboe ndani. Sukuma ini pembeni, utaona tumbo lililo kama kifuko kilichofungwa upande mmoja. Kwanza lipe alama likiwa bado zima: 0 tupu, 1 robo, 2 nusu, 3 limejaa, 4 limevimba na ukuta umekuwa mwembamba hadi unaona cha ndani. Kisha likate, kamulia kwenye tone la maji na utazame kwa lenzi. Vipande vyenye antena ndefu na mkia uliogawanyika ni kopepoda. Macho meusi mawili mawili ni uduvi. Ute usio na umbo usiukimbilie kuuita konyeza, huenda ni chakula kilichokwisha kusagika.

Pima urefu wa kila dagaa pia. Wakubwa hula tofauti na wadogo, na wastani wa matumbo bila urefu hauna maana. Hakikisha hujachanganya dagaa wa kawaida, Stolothrissa, na lumbu, Limnothrissa, ambaye hukua zaidi na hupenda ufukweni. Mwenye macho ya kazi mwaloni atawatenganisha kwa dakika tano. Mpe kazi hiyo mama anayeanika dagaa, anawajua kuliko kitabu.

Beseni la majaribio

Dagaa hafai kwa jaribio la beseni. Ukimgusa magamba yanatoka, na baada ya muda mfupi anakufa. Tumia vifaranga wa samaki wagumu wa kando ya mawe, wa sentimita 2 hivi, uliowachota hapo hapo na utakaowarudisha hapo hapo.

Weka maji ya ziwa kwenye beseni refu, chora mstari katikati chini. Waache vifaranga 5 watulie nusu saa. Kisha kwa dakika kumi andika kila sekunde 30 wangapi wako upande gani. Hicho ndicho kipimo cha msingi, bila konyeza. Raundi ya pili, weka konyeza ndani ya chupa angavu iliyofungwa upande mmoja: samaki anamwona lakini hamgusi. Upande wa pili weka chupa tupu, vinginevyo utakuwa unapima woga wa chupa. Raundi ya tatu, waachie konyeza huru. Badilisha pande kila raundi, na tumia vifaranga wapya.

Wakikwepa chupa, wanakwepa kwa macho. Wasipokwepa chupa ila wakakwepa konyeza huru, wamejifunza kwa mwiba. Wasipojali kote, basi kwa samaki wa ukubwa huo konyeza ni takataka inayoelea tu. Angalia pia kama wanaendelea kudonoa chakula: kifaranga anaweza asihame, ila akaacha kula, na hilo lina madhara kuliko kuhama. Jibu hili ni la samaki wa mawe, usilipachike kwa dagaa moja kwa moja. Linakuonesha tu kwamba kukwepa kunawezekana au la.

Kuweka majibu pamoja

Usiku mmoja hausemi kitu. Subiri uwe na giza sita hivi, zikiwemo za kusi na za masika, ndipo upange daftari.

Ukiona konyeza wengi, kopepoda wachache, matumbo ya dagaa ni 0 na 1, na hali hiyo inabaki hivyo vituo vyote viwili vya nje, fikiria ushindani wa chakula. Dagaa wa namna hii huwa wametawanyika, na kusogeza chombo kidogo hakusaidii.

Ukiona konyeza wengi lakini matumbo ni 3 na 4, na dagaa wako chini au pembeni ya tabaka la konyeza, hiyo ni dalili ya kukwepa. Hapa mvuvi ana la kufanya: vuta wavu wa majaribio wa konyeza kabla ya kutia taa, na kama tabaka ni zito, hamia kituo kingine usiku huo huo kabla hujachoma mafuta au betri.

Ukiona joto la mita 50 limebadilika kwa digrii nzima tangu safari iliyopita, au sahani ya Secchi inapotea mapema mno, weka kando kila nadharia ya konyeza. Maji yamegeuka. Tarajia migebuka na dagaa wabadilishe makazi hata pale ambapo konyeza ni haba.

Itatokea pia kwamba kituo cha mita 20 kina vifaranga wachache kila konyeza wadogo wanapojaa, ilhali nje mambo ni shwari. Hilo lichukulie kwa uzito kuliko yote, kwa sababu dagaa huishi karibu mwaka mmoja tu, na pengo la watoto leo utalikuta wavuni miezi michache ijayo. Peleka nakala ya kurasa hizo kwa ofisa uvuvi wa wilaya, pamoja na tarehe, kina na joto. Bila joto hatakuwa na la kuzifanyia.

Kuosha vifaa

Usihamishe maji, nyasi wala matope kutoka ziwa moja kwenda jingine. Craspedacusta hasafiri akiwa sahani inayoogelea. Husafiri akiwa kijipande cha milimita moja kilichoganda kwenye mmea au jiwe, au kifuko kikavu kinachostahimili safari. Mwaga maji ya chombo hapo hapo ulipovua, osha wavu kwa maji ya moto, uanike juani mpaka ukauke kabisa na mafundo yake, kamba nayo. Kama unafanya kazi Tanganyika na Victoria, kuwa na nyavu mbili, zenye rangi tofauti za kamba ili msaidizi wako asichanganye.